Mstari wa Kuonja Kabla ya Kutaja Bei

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Naanza hapo kwa makusudi, ili nyinyi vijana mnaoandika programu mkiwa majumbani mwenu, bila mwajiri wala msimamizi, msidhani anayewaandikia ni shujaa. Ilikuwa Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika chumba cha kadi cha kampuni moja kubwa. Nilikuwa nimetoka kwetu upande wa Voi na cheti cha sekondari na viatu vya kuazima. Msimamizi wa Chumba, mama mmoja mrefu aliyening'iniza miwani kifuani kwa mnyororo, alinionyesha mashine yangu, akanipa bunda la kadi, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Kila tundu unalotoboa hapa ni chakula cha mtu. Ukitoboa pasipo pake, mtu atarudi kwake mikono mitupu. Haya, anza."

Nilikwenda msalani kwanza. Niliporudi, nikaanza.

Kadi, kwa wasioziona, zilikuwa karatasi ngumu ndefu kama bahasha, na kila herufi au tarakimu ilikuwa tundu mahali pake. Kompyuta yenyewe ilikaa chumba cha pili chenye baridi ya Wundanyi mwezi wa Julai, ikasoma matundu hayo na kutoa mishahara ya watu. Nikishatoboa, mwenzangu aliipiga kadi ile ile tena kwenye mashine ya kuhakiki. Vidole vyake visipokubaliana na vyangu, taa nyekundu iliwaka na chumba kizima kiligeuka kuniangalia. Hadi leo taa za breki za lori lililo mbele yangu hunibana kifua.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Nairobi kufundishwa kuandika programu, yaani kuipa kompyuta maagizo hatua kwa hatua, kama unavyomwelekeza mgeni njia bila kujua kama ni mwerevu. Mkuu wa Programu alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimpelekea kazi yako alikuuliza swali moja tu: "Na ikienda vibaya?" Mimi nilikuwa nimelifikiria hilo siku zote, kwani sisi waoga hatufikirii kitu kingine, na nadhani ndiyo maana alinipenda. Wenzangu werevu waliandika haraka. Mimi niliandika nikitetemeka, na programu zangu hazikurudishwa mara nyingi.

Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kazi yangu ni bei gani. Mshahara ulikuja mwisho wa mwezi, na mwezi niliougua ulikuja vilevile. Mtu aliyeajiriwa hajui bei yake, kama ng'ombe asivyojua bei ya maziwa.

Katikati ya miaka ya themanini ofisi yetu ilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Mwaka huohuo baba alifariki. Alikuwa mkata mkonge katika shamba moja kubwa ambalo silitaji jina, maana wajukuu wa waliokuwepo wanaweza kusoma haya. Nilizaliwa katika kambi ya shamba hilo, katika zile nyumba za safu, chumba kimoja kwa kila familia. Sheria ilikuwa kwamba nyumba ni ya mkataji, si ya mjane wake. Mkataji akifa, familia inahama. Milimani kwetu hapakuwa na pa kurudi, kwani ndugu za baba walikuwa wameshagawana kila kipande hadi ukingo wa mto. Meneja alimruhusu mama abaki "kwa sasa", na mama alilala na kuamka na maneno hayo mawili. Sikuwa na mume wala mtoto. Nikarudi kuishi na mama katika chumba kisichokuwa chetu, nikaeneza habari mjini Voi kwamba naandika programu.

Kazi ya kwanza niliipata Taveta, pale Bomeni, katika ushirika mdogo wa wakulima uliokuwa umenunua kompyuta ya mezani kwa ajili ya hesabu za mazao. Katibu wa ushirika aliniuliza bei tukiwa tumesimama mlangoni, hata sijaketi. Niliogopa kwamba nikinyamaza ataniona sijui kazi. Nikakumbuka siku moja Nairobi nilipoamka na nguvu, umeme haukukatika, na nikamaliza programu nzima kabla ya saa kumi jioni. Nikataja bei ya siku ile.

Nilikuwa nimejiuzia mbuzi kwenye gunia. Daftari za ushirika zilikuwa na wakulima waliojulikana kwa majina matatu tofauti, umeme ulikuja ulipopenda, na kila nilipodhani nimemaliza Katibu alisema, "Madam, si uongeze tu hapo kidogo? Ni dakika tu." Niliongeza. Nikapanda treni ya Voi na kurudi tena wiki iliyofuata, nikaongeza. Nauli ililamba malipo yote. Safari ya mwisho nililia ndani ya behewa, mama mmoja aliyebeba ndizi akanipa mbili akidhani nimefiwa, nami sikumkatalia.

Tangu hapo neno "bei" lilinitia hofu. Niliogopa ndovu pia, kama kila mtu wa Voi, lakini ndovu angalau unamsikia akivunja matawi. Swali la bei halipigi kelele linapokuja.

Haukupita muda mrefu, shamba la mkonge nalo likanunua kompyuta. Ilikaa ofisini imefunikwa kitambaa cha kufumwa, kama redio ya maharusi, kwa sababu hakuna aliyejua kuitumia. Mtu akamwambia Meneja kwamba kuna binti mmoja pale pale kambini aliyeisomea kazi hiyo. Akatuma niitwe Jumatatu asubuhi. Mama aliposikia, aliacha kupepeta maharagwe.

"Atakuuliza bei," alisema.

"Ataniuliza."

"Taja kidogo, mwanangu. Taja kidogo kabisa. Nyumba ni yake."

"Nikitaja kidogo nitafanya kazi mwaka mzima bure, kama Bomeni."

"Na ukitaja kubwa tutalala wapi? Hata baba yako hakuwahi kubishana na Meneja."

"Baba alikata mstari wa kuonja."

Mama aliniangalia kwa huruma. "Alikata kwa sababu walikuwa wengi. Wewe uko peke yako."

Hakuna aliyewahi kuieleza kazi ya kujitegemea vizuri kuliko mama siku ile, na hakuwa akijaribu kuieleza. Alikuwa ameshikwa na hofu tu.

Nieleze huo mstari. Wakataji walipopelekwa kitalu kipya, nyapara alitaka wakubali kipimo, yaani mtu akate mafungu mangapi ya majani ndipo ahesabiwe siku kamili. Kitalu kimoja kina majani marefu na njia safi. Kingine mkonge ni mfupi, vichaka vimeingia, na nyoka kifutu amelala kivulini akikungoja. Kwa hiyo wakataji wa kwetu hawakukubali kipimo kwa maneno. Walimtoa mmoja wao, akakata mstari mmoja, nyapara amesimama na wengine wote wameketi chini. Ukishakatwa ndipo walijadiliana. Na mafungu ya mstari huo yaliingia kwenye malipo, maana hakuna aliyeonja bure.

Sasa sikilizeni walimtoa nani. Hawakumtoa mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu angemaliza upesi na kipimo kingewaua wenzake. Hawakumtoa mvivu, kwa sababu nyapara angecheka na kumtimua. Walimtoa baba. Baba alikuwa mkataji wa katikati, na asubuhi ambayo mgongo ulimsumbua kidogo ndiyo waliyompenda zaidi. Kipimo alichokiweka mtu kama yeye, kila mtu aliweza kukitimiza hata siku ya homa. Mimi kule Bomeni nilikuwa nimemtoa mwenye nguvu. Nilitaja bei ya siku yangu bora, halafu nikalazimika kuishi ndani yake siku zangu zote mbaya.

Jumatatu nikaenda. Meneja alikuwa mtu wa bara, mnene, mwenye sauti ya upole. Mimi nawaogopa wapole wa sauti kuliko wanaofoka.

"Karibu, madam. Hii kitu nimeinunua pesa mingi na inakaa tu hapo. Nataka ifanye mishahara ya wakataji wote. Utanichaji ngapi?"

"Siwezi kusema leo, Bwana Meneja."

"Kwani hujui kazi yako?"

"Kazi naijua. Kitalu ndicho sijakiona. Nipe kambi moja, nifanye mishahara yake peke yake. Hiyo utanilipa kivyake. Nikimaliza nitakutajia bei ya shamba zima."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka. "Huo si mstari wa kuonja?"

"Ndiyo."

"Wewe ni msichana wa nani?"

Nikamtajia jina la baba. Kicheko kikakatika. "Aaa. Basi ni ule mama wa kambi ya chini." Akagonga meza kwa kidole mara kadhaa, akifikiri. "Sawa. Onja."

Nilitoka nje nisijue kama nimeshinda au nimemwonyesha mahali pa kunipiga.

Karani Mkuu, mzee aliyekuwa akifanya mishahara ile kwa mkono tangu nikiwa mtoto, aliniketisha na kunieleza mambo ya kambi hiyo moja. Kulikuwa na waliochukua posho ya unga kwa kukopa. Kulikuwa na waliokata nusu siku wakaenda zahanati, na ndugu wawili wenye jina moja wanaokubali kulipwa pamoja isipokuwa wakiwa wamegombana. Kila jambo kati ya hayo lilikuwa mwiba ambao nisingeuona nikiwa nimesimama mlangoni. Umeme ulikatika mara nyingi. Kila jioni niliweka nakala ya kazi yangu kwenye disketi mbili, zile sahani nyembamba za kuhifadhia kazi, moja kwenye mkoba na moja kwenye kopo tupu la majani chai la mama.

Siku ya malipo nilisimama nyuma ya meza ya karani. Wakataji walipanga foleni, kila mmoja akapewa pesa zake na karatasi ndogo iliyochapwa na mashine, jina lake na mafungu yake na makato yake. Nilimsikia yule Msimamizi wa Mombasa masikioni: mtu atarudi kwake mikono mitupu. Nilitazama kila uso ukihesabu. Foleni ilipokuwa inaisha, jirani yetu mmoja mzee akageuka akarudi mezani moja kwa moja, uso umekunjamana, nami nikashika ukuta. Alikuwa amesahau kofia yake.

Nililipwa malipo ya kuonja siku iliyofuata. Ndipo nikakaa kufikiria bei ya shamba zima. Sitataja shilingi, kwa sababu shilingi ya wakati ule si ya leo, lakini nitawaambia nilichotia ndani. Nilihesabu siku za mtu wa katikati, mwenye mgongo unaomsumbua. Nikatia siku za umeme kukatika, na siku za malaria, kwa maana malaria ya Voi haikuulizi una kazi gani. Nikatia zile siku ambazo kazi imeisha na bado unaitwa, kwani programu ni kama paa la makuti, ukishaezeka hujamalizana nalo. Nikatia na miezi nitakayozunguka bila kazi nikitafuta nyingine. Vijana wengi husahau miezi hiyo, halafu huila bila chumvi.

Mwisho nikatia kitu kisichohusiana na kompyuta kabisa, kodi ya chumba mjini Voi. Nilikuwa namwogopa Meneja kwa sababu ya kile chumba cha kambini. Nikaona heri nikipangie bei mimi kabla yeye hajakipangia.

Nilipomtajia, alirudia ile tarakimu polepole. "Hiyo ni bei ya Wazungu, madam."

Sikuipunguza. Msinisifu kwa hilo, niliogopa kuihesabu upya mbele yake.

"Na mamako bado ako kambini?"

"Bado yuko."

"Ile nyumba watu wananiuliza kila siku. Sikiza, mimi si mtu mbaya. Kata nusu ya hiyo bei. Mama akae mpaka Mungu amchukue, na hakuna mtu atamgusa."

Nilitaka kukubali. Naliandika hili wazi kwa sababu najua na nyinyi mtataka. Kitu alichokuwa akikiomba mama kila jioni akipiga magoti kilikuwa kimewekwa mezani mbele yangu, nami nilitakiwa kutikisa kichwa tu. Lakini nikaona pia kitakachofuata. Kila atakapotaka kitu kiongezwe hapo kidogo, atamtaja mama, nami nitaongeza. Malipo ya kuonja yalikuwa ndani ya mkoba wangu, na hayo ndiyo yaliyosema, si mimi. Ningekuwa nimeonja bure, ningechukua nusu.

"Mama atahama Jumamosi," nikasema.

"Basi ahame," akajibu kwa upole uleule, na akavuta karatasi nyingine mbele yake.

Mama hakupiga kelele. "Umetuua," alisema mara moja, kisha akaanza kufunga vitu. Majirani walitusaidia kusukuma mkokoteni wenye masufuria, kitanda na kisu cha baba cha kukatia mkonge, hadi chumba nilichokipanga Mwakingali, mjini Voi. Kulipa kodi kulimaliza karibu malipo yote ya kuonja. Mama aliketi juu ya sanduku la bati na hakuvua leso kichwani, kama mgeni anayengoja kuaga. Aliketi hivyo siku baada ya siku. Nje palikuwa na kelele za mji na yeye hakuzizoea. Usiku nilimsikia akigeuka, naye alinisikia nikigeuka.

"Na asipoita?" aliniuliza siku moja.

"Sijui, mama."

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nilijiona mjinga niliyezaliwa mwoga, nikajitia ushujaa siku moja, na siku hiyo moja ndiyo ikanileta kwenye kilio. Unga ukapungua. Meneja akanyamaza. Asubuhi moja niliamka nimeshaamua, nikavaa viatu vyangu vizuri na kuchukua mkoba. Mama alikuwa kwenye sanduku lake.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Meneja. Kuchukua hiyo nusu."

Akainua mikono, akafungua leso, akaikunja vizuri na kuiweka pembeni. Nilikuwa sijaziona nywele zake tangu tuhame.

"Nimeshahama," akasema. "Sasa ana nini cha kukutishia? Keti chini, mwanangu."

Nikaketi. Nilikuwa nikitetemeka, na mama naye alikuwa akitetemeka, tukanywa chai ya rangi.

Dereva wa shamba alifika kuniita wiki hiyo hiyo. Kumbe wakataji wa kambi nyingine walikuwa wamemsumbua nyapara, na nyapara akamsumbua Meneja. Walitaka karatasi za mashine kama wenzao, zinazoonyesha kila fungu na kila kato, na siku moja walikataa kuondoka mezani hadi waelezwe watazipata lini. Walikuwa wameonja kwa macho. Meneja alitia sahihi bei niliyotaja, hakuniomba radhi wala sikungoja aniombe, na kazi ile ikanilisha mimi na mama, kisha ikaniletea nyingine Maungu, Mwatate na milimani.

Nimestaafu sasa. Vidole vimekakamaa na macho hayaoni vizuri, na kompyuta mnazotumia nyinyi mnazitia mfukoni. Mkiniuliza kama hofu iliisha, haikuisha. Kila mteja, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nilimtajia bei nikiwa nimeficha mikono chini ya meza. Kilichobadilika ni kwamba nilijua nimtoe nani akate mstari, na nilihakikisha analipwa kwa kuukata.

Mama aliishi miaka mingi Mwakingali, hata akawa ndiye wa kuwagombeza majirani kwa kelele. Kila niliporudi kutoka kwa mteja mpya nilimkuta mlangoni, kichwa wazi, akiningoja. Hakuniuliza ni kiasi gani. Aliuliza mambo mawili tu, na sauti yake ilikuwa na hofu hadi mwisho.

"Umetaja?"

"Nimetaja, mama."

"Ulitetemeka?"

"Nilitetemeka."

"Haya. Njoo ule."

Siku hizi hakuna wa kuniuliza, na mimi sina tena bei ya kutaja. Lakini vijana hunipigia simu, msichana mmoja kutoka Makwasinyi jana tu, ametoka kwa mteja na anataka nimwambie kama amekosea. Sikumuuliza ni shilingi ngapi. Nilimuuliza kama ametaja, akasema ametaja. Nikamuuliza kama alitetemeka. Akasema ndiyo, na hata sasa anatetemeka.

Nikamwambia aende akale.